Santuri, sindano na sauti za zamani: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali yote ni ya santuri na ya mitambo iliyozitangulia. Nimeyafupisha bila kuyapotosha, na pale wasomaji wawili walipouliza jambo moja nimechukua swali moja tu.

Shuleni tulifundishwa kwamba Thomas Edison ndiye mtu wa kwanza kurekodi sauti. Mjomba wangu anasema ni Mfaransa. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Mjomba wako yuko sahihi, na mwalimu wako hakukosea sana. Mfaransa aliandika sauti miaka 20 kabla ya Edison, ila hakuwa na njia ya kuisikiliza sauti aliyoiandika, wala hakuitafuta. Jina lake Édouard-Léon Scott de Martinville, mpiga chapa wa Paris. Mwaka 1857 alisajili chombo chenye pembe pana ya kupokea sauti, kiwambo chembamba mwishoni mwa pembe, na unywele mgumu uliobandikwa kwenye kiwambo. Ukisema kitu, kiwambo kinatikisika, unywele unachora mstari wa mawimbi juu ya karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Nia yake ilikuwa maneno ya mtu yajiandike yenyewe, kisha yasomwe kwa macho. Wazo la kuirudisha sauti hewani halikuwamo.

Karatasi zake zilikaa kwenye makavazi ya Paris mpaka mwaka 2008, watafiti wa Marekani walipozipiga picha na kuiachia kompyuta ifuate ile mistari. Ukasikika wimbo wa watoto wa Kifaransa ulioimbwa tarehe 9 Aprili 1860. Mwanzoni waliupiga kwa kasi mara mbili ya ile iliyotakiwa, wakadhani anayeimba ni msichana. Mwaka uliofuata kasi ikarekebishwa, ikatoka sauti nzito ya mwanamume, na inaelekea ni Scott mwenyewe. Nimeisikiliza mara nyingi. Ni sekunde chache tu, inakwaruza, lakini ni mtu anayeimba kabla hata Mfereji wa Suez haujafunguliwa.

Edison alifika mwishoni mwa mwaka 1877, katika karakana yake ya Menlo Park, New Jersey. Fundi wake John Kruesi alimtengenezea silinda ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, ikazungushiwa karatasi ya bati. Edison akaghani ubeti wa watoto juu ya Mary na kondoo wake, sindano ikabonyeza bati kufuata sauti, akairudisha sindano mwanzo, na mashine ikamjibu kwa maneno yale yale. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, aliipata Februari 1878. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Scott ndiye wa kwanza kurekodi na Edison ndiye wa kwanza kuicheza sauti iliyorekodiwa.

Mjomba wako aongezewe jina la tatu. Mfaransa mwingine, mshairi Charles Cros, aliikabidhi Akademia ya Sayansi ya Ufaransa bahasha iliyofungwa mnamo Aprili 1877, ndani yake ameeleza namna ya kuirekodi sauti na kuirudisha. Bahasha ilifunguliwa Desemba mwaka ule ule, habari za Edison zikiwa zimekwisha kuenea. Cros hakuwahi kuiunda mashine yake. Scott naye alifariki mwaka 1879, akiwa na uchungu kwamba kazi yake imesahauliwa.

Kama silinda ndiyo iliyotangulia, kwa nini santuri tunazozijua ni bapa? (Kisumu)

Kwa sababu ya nakala. Karatasi ya bati ya Edison ilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu. Katika miaka ya 1880, Chichester Bell na Charles Sumner Tainter, waliokuwa wakifanya kazi kwenye maabara ya Alexander Graham Bell, waliweka nta mahali pa bati, na sauti ikawa safi zaidi. Lakini silinda moja ilikuwa silinda moja. Ukitaka kuuza nyingi, ilibidi mwimbaji aimbe wimbo ule ule tena na tena mchana kutwa mbele ya mashine kadhaa zilizopangwa safu. Nafikiri sana juu ya waimbaji wale.

Emile Berliner, mzaliwa wa Hannover aliyehamia Marekani mwaka 1870, alisajili gramafoni yake mwaka 1887. Alichora sauti kwenye bamba bapa la zinki lililopakwa nta nyembamba, kisha akalichovya kwenye asidi ili mfuo, yaani kile kifereji chembamba cha sauti, uchimbike ndani ya zinki. Kutokana na bamba lile alipata umbo la kinyume, yaani mfuo ukawa tuta, na umbo hilo likatumika kama muhuri: ligandamize juu ya kitu laini chenye moto, toa, gandamiza tena. Mwimbaji anaimba mara moja, kiwanda kinatoa maelfu. Biashara yote ya muziki tunayoijua imesimama juu ya jambo hilo.

Gramafoni za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, na mkono wa mtu haukosi kubadilika kasi, kwa hiyo wimbo ulipanda na kushuka. Mwaka 1896 fundi wa Camden, New Jersey, aitwaye Eldridge Johnson, alitengeneza mota ya springi ya kutia ufunguo iliyokwenda kwa mwendo mmoja. Ndiye aliyeanzisha kampuni ya Victor mwaka 1901.

Silinda nazo zilikuwa na uzuri wao. Mtu angeweza kujirekodi mwenyewe nyumbani, jambo ambalo gramafoni haikuliweza. Na sindano ilikwenda kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, ilhali kwenye sahani bapa mzunguko wa ndani ni mfupi kuliko wa nje. Edison aliendelea kuziuza mpaka mwaka 1929, alipoacha kabisa biashara ya muziki.

Nina santuri ya marehemu mume wangu, nyeusi na nzito. Mwenzake ilianguka ikavunjika vipande vipande kama kigae. Zile za mdogo wangu hujipinda tu, hazivunjiki. Tofauti ni nini? (Bibi wa Wete, Pemba)

Shikamoo bibi. Ya marehemu ni ya shelaki, za mdogo wako ni za plastiki aina ya vinili. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi hawajui wameshika nini.

Shelaki hutoka kwa kidudu kidogo sana kinachoishi juu ya miti huko India na Thailand. Kinafyonza utomvu na kujifunika kwa ute unaoganda juu ya tawi. Wakwanguaji huukusanya, huyeyushwa, huchujwa. Mafundi seremala wa kwetu wanaijua shelaki hiyo hiyo, huiyeyusha kwa spiriti na kung'arishia makabati. Kwenye santuri ilichanganywa na unga wa mawe, nyuzi za pamba na rangi nyeusi ya masizi. Sehemu kubwa ya uzito unaousikia mkononi, bibi, ni jiwe la kusagwa. Ndiyo maana inavunjika kama kigae.

Jiwe lile lilikuwa na kazi yake. Mkono wa gramafoni ya kutia ufunguo ulilalia santuri kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, wakati mashine za siku hizi hulalia kwa gramu 2 hivi. Sindano ilikuwa ya chuma. Ikiwa mpya ncha yake ni ya duara, haikai barabara ndani ya mfuo, kwa hiyo katika mizunguko ya mwanzo unga wa mawe uliinoa mpaka ikapata umbo la mfuo. Ukifika mwisho wa upande, sindano ile ile imekwisha kulika na kuwa na kingo kali. Ukiirudia kwenye santuri nyingine, kingo zile zinachonga kuta za mfuo. Hapo ndipo lilipotoka agizo la sindano mpya kwa kila upande, na ndiyo sababu ziliuzwa ndani ya vikopo vidogo vya bati, mia au mia mbili kwa kikopo. Huenda kikopo kama hicho kimo bado ndani ya kabati la marehemu. Kitunze.

Vinili ilipata nafasi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Shelaki iliadimika, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ikapunguza sana kiasi ambacho viwanda vya santuri viliruhusiwa kutumia. Kuanzia mwaka 1943 jeshi la Marekani likawapelekea askari wake santuri maalumu zilizoitwa V-Disc, nyingi za vinili, kwa kuwa zilistahimili safari bila kuvunjika. Baada ya vita plastiki hiyo ikaingia majumbani. Lakini India na Afrika santuri za shelaki ziliendelea kutolewa hata kwenye miaka ya 1960, kwa sababu gramafoni ya kutia ufunguo haihitaji umeme.

Kabla ya maikrofoni walirekodije bendi nzima? (Fundi mitambo wa redio, Bujumbura)

Kwa nguvu ya pumzi na mikono tu. Hadi mwaka 1925 hakuna umeme ulioigusa sauti njiani. Chumbani kulikuwa na pembe moja au mbili zinazochomoza ukutani au kwenye pazia. Upande wa pili alikaa fundi na sahani nene ya nta iliyopashwa joto kidogo ili ilainike, ikizunguka chini ya kisu kilichounganishwa na kiwambo. Nguvu yote ya kukichonga kile kifereji kwenye nta ilitoka kwa mpigaji na mwimbaji.

Kwa hiyo chumba kilipangwa kwa ajili ya pembe. Mwimbaji alisimama uso ukikaribia kuingia ndani yake, na akifika kwenye noti ya juu yenye nguvu alirudi nyuma hatua moja, au msaidizi alimvuta kwa mkono, maana mlipuko wa sauti ungeweza kukirusha kisu. Fidla hazikusikika vizuri, kwa hiyo wapigaji wengi walitumia chombo alichokibuni Augustus Stroh mwaka 1899: fidla isiyo na sanduku la mbao, yenye kiwambo na pembe ya bati mahali pake. Besi ya nyuzi ilipisha tuba. Ngoma kubwa ziliwekwa mbali au ziliachwa nje kabisa. Wengine walikaa juu ya viti virefu ili ala zao zielekee pembe. Mtu akikohoa, au akikosea noti moja, nta inatupwa na kazi inaanza upya.

Na baada ya taabu hiyo yote, pembe ilinasa kipande cha katikati tu cha sauti, takriban kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 hadi 2,500. Filimbi ilipoteza makali yake, na mvumo wa chini ulipotea. Tenori mwenye kifua ndiye aliyependwa na pembe. Enrico Caruso alirekodi nyimbo 10 ndani ya chumba cha hoteli huko Milan mwezi Aprili 1902, mbele ya Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone, kwa malipo ya pauni 100, na santuri zile ndizo zilizowafanya waimbaji wakubwa wengine waache kuidharau gramafoni.

Mwaka 1925 kampuni za Victor na Columbia zilianza kutumia mtambo wa Western Electric: maikrofoni, amplifaya ya vali, na kisu kinachoendeshwa kwa sumaku ya umeme. Sauti ikapanuka hadi hezi 5,000 na zaidi. Bendi ikakaa kama inavyokaa ukumbini, na mwimbaji mwenye sauti ya chinichini akapata riziki. Ukitaka kuisikia tofauti, tafuta rekodi mbili za mtu mmoja, ya 1924 na ya 1926. Huhitaji kuambiwa ipi ni ipi.

Kwa nini Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay kurekodi? Unguja hakukuwa na namna? (Mombasa)

Mwaka 1928, alipokwenda, Afrika Mashariki haikuwa na studio ya kurekodia santuri wala kiwanda cha kuzitengeneza. Kampuni ya Gramophone ya London, iliyouza kwa nembo ya His Master's Voice, ilikuwa imekwisha kuota mizizi India. Gaisberg alifika Kolkata mwaka 1902 na kumrekodi Gauhar Jaan, ambaye mwishoni mwa wimbo alijitaja jina kwa Kiingereza. Nta zilipelekwa Hannover kutengenezwa, na mafundi wa kule, wasiojua lugha hata moja ya India, walihitaji kumjua mwenye sauti. Mwaka 1908 kampuni ilijenga kiwanda chake Kolkata. Meli za Bombay na Unguja zilikuwa zikipishana mwaka mzima, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Mombasa walikwisha kuwa na maduka yenye gramafoni, zikipiga nyimbo za Kihindi na za Kimisri. Walichokosa kuuza ni nyimbo za Kiswahili.

Siti alikuwa binti wa Fumba, kwao wafinyanzi, na alihamia mjini mwaka 1911. Wenzake kina Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban walikuwa wameipiga taarabu kwa Kiswahili katika mji ambao kasri la Sultani lilizoea kuisikia kwa Kiarabu. Walipoingia studio ya Bombay, kampuni ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye maikrofoni. Hiyo ni bahati ambayo sichoki kuitaja. Angerekodi miaka mitano mapema, angeimba ndani ya pembe, na ile mitetemo midogo ya koo lake isingetufikia.

Santuri hizo zilikwenda mbali kuliko alivyokwenda yeye. Asiye na gramafoni alikwenda kusikiliza kwenye mkahawa. Muda si mrefu kampuni nyingine, Columbia na Odeon, nazo zikaja pwani kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Lakini kumbukeni kilichopotea pia. Wimbo wa taarabu huendelea kadiri hadhira inavyotaka, ubeti unarudiwa, watu wanatunza, mwimbaji anaongeza. Upande wa santuri ulikuwa na dakika tatu na ushei. Tulichonacho cha Siti ni kile kilichoenea kwenye dakika hizo. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na msomaji anayetaka kumjua nje ya zile dakika tatu aanzie hapo.

Yule mbwa kwenye nembo ya His Master's Voice alikuwa wa kweli? (Arusha)

Alikuwa wa kweli, jina lake Nipper, wa Uingereza. Mchoraji Francis Barraud alimchora akisikiliza mashine ya silinda, mbwa mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1899 kampuni ya Gramophone ilikubali kuinunua picha kwa sharti kwamba mashine ile ipakwe rangi na ichorwe gramafoni juu yake. Ukiitazama picha ya asili kwa pembeni, umbo la mashine ya kwanza bado linaonekana chini ya rangi.

Mbali na Siti na wenzake wa pwani, je, kuna sauti za watu wetu wa bara zilizorekodiwa zamani zaidi? (Masasi)

Zipo, na baadhi zimetoka huko huko kwenu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na mashine ya silinda za nta. Alirekodi nyimbo za watu wa kusini, na silinda zake ziliingia kwenye Phonogramm-Archiv ya Berlin, hazina iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900. UNESCO imeiorodhesha hazina hiyo katika Kumbukumbu ya Dunia tangu 1999. Huo ulikuwa wakati wa Maji Maji, mkoa mzima ukiwa na majeraha ya vita, na mwenye mashine alikuwa mgeni wa serikali iliyokuwa ikipigana na wananchi. Hilo haliwezi kutengwa na sauti zile. Hata hivyo ni sauti za mababu zenu, na mna haki ya kuziomba na kuzisikia.

Baadaye alikuja Hugh Tracey kutoka Afrika Kusini, aliyezunguka Afrika Mashariki na Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1952, mjini Jadotville, Likasi ya leo, alimkuta kijana mwenye gitaa, Jean-Bosco Mwenda, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili cha Katanga. Kijana yule alipiga besi kwa kidole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada kwa wakati mmoja, na wapiga gitaa wa Kenya, Uganda na Zambia waliijifunza mikono yake kutoka kwenye santuri, sindano ikirudishwa nyuma mara kwa mara.

78, 45 na 33 zilitoka wapi? Na kwa nini santuri nyingi za dansi zina "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili"? (Mpenzi wa dansi, Tabora)

Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na kasi yake, takriban kati ya mizunguko 70 na 80 kwa dakika. Mota za umeme zilipokuja, hesabu ya gia ikaamua: mota ya Marekani yenye mizunguko 3,600, ikigawanywa kwa gia ya 46, inatoa 78.26. Thelathini na tatu na theluthi ilitoka kwenye sinema. Mwaka 1926 mtambo wa Vitaphone, wa kuzipa filamu sauti, ulitumia santuri za inchi 16 zilizotakiwa kutosha mkanda mmoja wa filamu, kama dakika 11, na kwa kasi ya 78 hazingetosha.

Mwezi Juni 1948, katika hoteli ya Waldorf-Astoria huko New York, kampuni ya Columbia iliwaonyesha waandishi wa habari LP: vinili, mfuo mwembamba sana, zaidi ya dakika 20 kila upande. Ukiunyoosha mfuo wa upande mmoja wa dakika 22 unapata karibu nusu kilomita. Mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu kwa santuri ndogo ya inchi 7 yenye kasi ya 45 na tundu kubwa katikati. Kampuni hizo zilishindana miaka michache, kisha zikagawana kazi: LP kwa muziki mrefu, 45 kwa wimbo mmoja mmoja.

Huku kwetu 45 ndiyo iliyotamba. Nairobi ilikuwa na studio na viwanda, na bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam au zilivuka mpaka zenyewe. Mbaraka Mwinshehe ni mmoja wa waliorekodi Nairobi. Lakini wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza mashairi yenye mafunzo au malalamiko ya mapenzi, kisha chemko, magitaa yanaposhikana na watu kuinuka. Dakika nane hazienei upande mmoja wa 45. Ikabidi kukata. Upande wa kwanza unapungua sauti taratibu maneno yakiisha, unageuza, na upande wa pili unaanza na magitaa. Wakongo walifanya hivyo hivyo. Mashabiki wengine walicheza upande wa pili tu mpaka ukaisha, na santuri nyingi za miaka ile utazikuta upande mmoja umelika na mwingine ni kama mpya.

Mfuo ni mmoja. Stereo inapatikanaje? (Eldoret)

Mfuo una kuta mbili zilizolala kwa nyuzi 45. Ukuta mmoja una sauti ya kushoto, mwingine ya kulia, na sindano moja inatikiswa na zote mbili. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya santuri ya EMI, aliomba hataza ya njia hiyo Desemba 1931. Santuri za stereo hazikuuzwa madukani hadi miaka ya 1957 na 1958. Blumlein hakuziona, alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1942 akijaribu mtambo wa rada.

Ni kweli kwamba santuri ina sauti bora kuliko CD? (Dar es Salaam)

Kwa vipimo, hapana. CD ina kelele kidogo zaidi na inabeba tofauti kubwa zaidi kati ya sauti ndogo na kubwa. LP hulazimika kupunguziwa besi inapochongwa ili mfuo usipanuke kupita kiasi, kisha mashine yako huirudisha. Pia mwisho wa kila upande sauti huchafuka, kwa sababu kwenye mizunguko ya ndani sindano inapita kama sentimita 21 kwa sekunde, kutoka 51 mwanzoni. Mimi napenda santuri kwa sababu zangu: inanilazimu kukaa, kusikiliza upande mzima, kusoma jalada. Wengi wanaonekana kuwa na sababu kama hizo, maana mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuongoza kwa idadi tangu 1987.

Tumerithi sanduku la santuri za babu, nyingine za taarabu, nyingine hatujui. Tufanye nini? (Familia moja, Tanga)

Msizicheze kwanza. Hasa msiweke LP au 45 ya vinili kwenye gramafoni ya zamani ya kutia ufunguo, mara moja tu inatosha kuiharibu. Na zile nzito za shelaki zisichezwe kwa sindano ya LP: mfuo wake ni mpana karibu mara tatu, sindano ndogo inakwenda kukwaruza sakafu ya mfuo na mnasikia mchanga mtupu. Ipo sindano ya 78 ya kununua, ya unene wa mikroni 75 hivi, na si ghali.

Katika kuzisafisha, kosa kubwa ni spiriti. Vinili huvumilia spiriti kidogo, shelaki huyeyuka nayo. Zipanguseni kwa kitambaa laini chenye maji safi na tone la sabuni, kufuata mfuo, bila kulowesha lebo, kisha zikaushwe mara moja. Zisimamishwe wima, zisilazwe, zisiegemee, wala zisiwe karibu na dirisha la jua.

Kisha kaeni na daftari. Kwa kila santuri andikeni jina la lebo, namba yake, majina ya waimbaji kama yalivyoandikwa, na zile herufi na namba zilizochongwa kwenye sehemu tupu kati ya mfuo na lebo. Namba hizo ni za bamba la kiwandani, na kwazo mtaalamu anaweza kukisia mwaka na mahali. Msiziruke zile msizozijua. Kampuni nyingi ziliyeyusha mabamba ya chuma ya nyimbo zisizouzika tena, na kwa santuri za Kiswahili zilizotoka kwa nakala chache, iliyomo kwenye sanduku la babu inaweza kuwa ndiyo peke yake iliyobaki.

Mkishaandika, tafuteni mtu mwenye mashine nzuri azihamishe kwenye kompyuta, pande zote mbili, bila kuondoa mikwaruzo kwenye nakala ya kwanza. Hata iliyopasuka msiitupe. Watafiti wa maabara ya Berkeley, wale wale waliosaidia kuzipa sauti karatasi za Scott, wana mtambo wa kuipiga picha santuri iliyovunjika na kuisoma bila kuigusa. Orodha ikiwa tayari nitumieni, niwasaidie kutambua mnayoshindwa. Na kama babu aliwahi kusimulia alizinunua wapi na nani aliimba nini, yaandikeni maneno yake pembeni ya namba kabla hayajasahaulika.